Barua ya wazi kwa shemeji anayekwenda Usambara

Shemeji yangu mpendwa,

Baada ya salamu nyingi kwako na kwa watoto, ratiba ya likizo uliyonitumia nimeisoma, na kwa heshima zote naomba niipinge. Umepanga kulala Tanga, kudamkia Lushoto, kupiga picha Irente na kurejea jioni ileile. Kwa mpango huo Milima ya Usambara mtaitazama kupitia kioo cha gari, na watoto watakachokumbuka ni kona za barabara ya Mombo na kichefuchefu chake.

Ushauri wangu ni kwamba mfuate upepo. Upepo wenye unyevu utokao Bahari ya Hindi hukutana kwanza na Usambara Mashariki, ukapanda, ukapoa na kuangusha huko sehemu kubwa ya mvua yake, hata ukifika ukingo wa mbali wa Usambara Magharibi, juu ya nyika ya Mkomazi, huwa hauna tena cha kutoa. Anayeanzia baharini na kumalizia kwenye nyika huiona kazi hiyo ya upepo hatua kwa hatua, katika miti, mashamba na hata mavazi ya wenyeji.

Kwa hiyo mkifika Muheza, acheni barabara kuu mwelekee Amani. Langoni Sigi mtakuta jengo la iliyokuwa stesheni ya reli ya Wajerumani, na kutoka hapo barabara hupanda ndani ya msitu mpaka kwenye kituo cha utafiti wa mimea na kilimo walichokianzisha mwaka 1902, wakakusanya hapo miti ya nchi nyingi za joto. Tangu mwaka 1997 eneo hilo ni Hifadhi ya Mazingira Asilia. Laleni huko, tena msiharakishe kuondoka. Mchana tembeeni na kiongozi mwenyeji, kwa sababu bila yeye msitu ni kijani kitupu. Yeye ndiye atakayewaonyesha iliki chini ya miti mikubwa, na kwenye miamba yenye kivuli karibu na vijito, yale maua madogo ya zambarau ambayo Ulaya hupandwa kwenye vyungu vya dirishani. Mtaalamu Mjerumani, Hermann Wendland, aliyapa jina la kisayansi la Saintpaulia mwaka 1893, kwa heshima ya ofisa wa Tanga aliyeyapeleka kwao. Mwambie kitinda mimba wako, ambaye mkono wake tunaujua, kwamba hapo hakuna kuchuma. Usiku ombeni matembezi ya tochi: vinyonga waliolala kwenye matawi huonekana weupe katika mwanga, na kuwapata ni rahisi kuliko mchana.

Epukeni miezi ya masika, Machi hadi Mei, maana udongo wa Amani ukilowa hauheshimu gari dogo. Juni na Julai njia huwa nzuri zaidi, ila bebeni masweta ya kweli. Mtu wa pwani hudhani baridi ya Lushoto ni hadithi mpaka usiku uingie.

Kutoka Amani rudini Muheza, mpite Korogwe hadi Mombo, kisha mpande kupitia Soni. Sokoni Lushoto nunueni matunda yasiyostawi kwetu pwani, kama vile pichesi na peasi katika msimu wake. Irente nendeni kwa miguu kutoka mjini, mkipita katikati ya mashamba ya mboga, na njiani mpumzike kwenye shamba la kanisa la Kilutheri linalouza mkate, jamu na jibini wanayoitengeneza wenyewe. Mkifika ukingoni, mshikeni mtoto mkono, kwa kuwa genge linashuka karibu mita 1,000 hadi tambarare ya Mazinde, ambako mistari ya mkonge huonekana kama imechorwa kwa rula.

Mkipata siku ya ziada, endeleeni hadi Mtae, kijiji kilichokaa juu kabisa ya ukingo wa kaskazini-magharibi. Safari ni ndefu na basi huchosha, lakini kwa maoni yangu inaishinda Irente: huko nyika imetanda chini yenu, na asubuhi isiyo na ukungu Kilimanjaro huonekana kwa mbali. Fedha mtakazookoa kwa kutolala hoteli ya Tanga zitatosha kumlipa kiongozi. Mkubaliane bei kabla ya kuanza kutembea, na ada za hifadhi mlipe ofisini mkapewe stakabadhi.

Wako,
Shemeji