Mwanangu, sogea kabla hujabonyeza

Mama yangu, hujambo huko Dodoma mjini. Picha zote ulizonitumia wasap nimeziona, usiku nikazirudia tena nikiwa nimetulia, na kwakweli ile ya bibi anayeuza zabibu barabarani ndo imenishika, zingine nzuri ila nilizipita tu.

Ya bibi ina kitu kimoja. Mikono yake na kichala cha zabibu, basi. Ile ya stendi ina mabasi, bodaboda, mabango, mtu kageuka, jicho linazunguka halijui litue wapi. Wale wazee wa zamani waliochora kwenye miamba huku kwetu Kolo walilijua hili, nenda kaangalie tena, mistari michache myekundu, mtu na mnyama, hawakuhangaika kuchora milima na nyasi nyuma yake, na mpaka leo watu wanatoka mbali kuja kuangalia, UNESCO wakaiweka Kondoa kwenye urithi wa dunia 2006. Kwahiyo kabla hujabonyeza jiulize hapa nimesimamishwa na nini hasa, ukishajua sogea, sogea kwa miguu yako sio kwa vidole kwenye skrini, maana simu nyingi ukizumu sana zinakata kipande tu na kukikuza ndo maana kinatoka kimechakaa.

Sasa mwanga, hapa nisikilize vizuri. Dodoma tuko kama nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta, saa sita mchana jua liko juu huko, macho ya mtu yanakuwa mashimo meusi. Toka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, au kuanzia saa kumi na moja jioni, na usizubae maana jua la kwetu linashuka wima, ule mwanga wa dhahabu unaisha haraka sana kuliko Ulaya. Kiangazi hiki ng'ombe wakiwa wanarudi kaa upande ambao jua liko nyuma yao, vumbi lote linawaka! Gusa skrini penye mwanga mkali halafu punguza mwanga kidogo, pakishaungua pakawa peupe kabisa hakuna programu itakayoparudisha. Na kama ni lazima upige mchana basi mtoe mtu juani, mpeleke kwenye kivuli cha mbuyu au mlangoni.

Halafu subira. Wale kina mama wa muheme, ile ngoma ya Wagogo, umewapiga picha ngoma zimetulia, wameganda wanakuangalia wewe. Subiri waingie kwenye ngoma yenyewe wakusahau, mkono uko juu, shanga zimeruka, hapo piga mfululizo utachagua baadae.

Kuhusu simu yako kuwa ya bei ndogo, hilo lisikuvunje moyo. Msome Mohamed Amin, yule mpiga picha wa habari, kazaliwa Nairobi 1943, kakulia hapa hapa nchini, Dar es Salaam, ndo alirekodi zile picha za njaa kutoka Korem, Ethiopia, Oktoba 1984, dunia nzima ikashtuka misaada ikamiminika. Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa ukamnyang'anya mkono wa kushoto na bado akarudi kushika kamera. Alichokuwa nacho ni kwenda pale watu walipo na kuwatazama usoni, na hicho wewe unacho, nimekiona kwenye picha ya bibi.

Ila kuna moja imeniuma. Ya mjomba na zeze lake, mbona umeweka ile filta ya kulainisha ngozi? Makunyanzi yote yameondoka, yule sio mjomba tena, na uso ule ndo picha yenyewe mama. Nitafutie orijino, unitumie kama dokumenti maana wasap ikipita kama picha ya kawaida inaminywa, nataka nikaiprinti kubwa niitundike sebuleni kabla hajaja kututembelea.

Baba yako, Kondoa