Kamba na daftari vitangulie jembe kwenye bustani za shule

Mhariri,

Shule nyingi za msingi hapa Mbeya zina bustani, lakini mara nyingi mtoto hufika na kukuta mwalimu ameshapima kila kitu. Kilichobaki ni kuchimba, kufukia na kumwagilia. Kisha kipindi cha Hisabati kinarudi darasani kuhangaika na mstatili wa ubaoni.

Maharage ndiyo yanayofaa zaidi. Shule zikifunguliwa Januari, mahindi huku yameshapandwa. Maharage bado yanaweza kuingia Februari hadi Machi, yakakomaa mvua zikikatika. Tuta la mita 3 kwa 1 linatosha watoto watano au sita. Wakizidi hapo, wawili wanapima na waliobaki wanarushiana udongo.

Waanze na pembe za tuta. Kamba yenye vipande 12 vya sentimita 25, ikivutwa kuwa pembetatu ya vipande 3, 4 na 5, inatoa pembe mraba. Alama ziwe za rangi, kwa sababu kila fundo linakula urefu wa kamba. Kwenye miteremko kama ya Rungwe, kamba ivutwe mlalo, isifuate ardhi, la sivyo eneo halitalingana na hesabu.

Utamu wenyewe uko kwenye mashimo. Nafasi ni sentimita 50 kati ya mistari na 20 kati ya mashimo. Mtoto akigawa eneo, 30,000 kwa 1,000, anapata mashimo 30. Akianza kuchimba ukingoni kabisa, anapata 16 kwa mstari, mistari mitatu, jumla 48! Hajakosea kugawa: 300 kwa 20 ni nafasi 15, na nafasi 15 zina ncha 16. Aanze sentimita 10 kutoka ncha ya tuta na 25 kutoka ubavuni, zitarudi 30. Mwalimu asiharakishe kulisema hili. Awaache wabishane, hata kipindi kiishe.

Mbegu mbili kwa shimo ni mbegu 60, ila si zote zitaota. Zifungwe 20 kwenye kitambaa chenye unyevu kwa siku saba, zihesabiwe. Zikiota 17, hiyo ni asilimia 85. Hapa hata watu wazima huteleza: wanaongeza asilimia 15 ya 60 na kupata 69. Lakini asilimia 85 ya 69 haifiki 59. Sahihi ni 60 kugawa kwa 0.85, yaani mbegu 71.

Mbolea nayo ina mtego wake. Kipimo cha kizibo kimoja cha soda kwa shimo kimezoeleka, nacho ni cha mahindi ya sentimita 75 kwa 60, ambayo ni mashimo kama 8,900 kwa ekari. Mfuko wa kilo 50 wa DAP, mbolea ya kupandia, ukigawanywa humo unatoa gramu 5 na ushei, karibu kizibo kimoja. Maharage kwa nafasi tuliyotaja yana mashimo 40,000 kwa ekari, hivyo kwa mfuko uleule kila shimo linastahili gramu 1.25, robo ya kizibo. Kizibo kizima ni mara nne ya kinachotakiwa, na DAP ikigusana na mbegu huiunguza. Watoto wapime vizibo 20 kwa pamoja kwenye mizani ya duka, wagawe, wapate wastani wao wenyewe. Kuitia shambani aifanye mtu mzima mwenye glavu.

Tuta la mashimo 48 lisifukuliwe. Liachwe kando ya lile la 30, mavuno ya kila moja yakaushwe na kupimwa kwa gramu kabla hayajaingia kwenye sufuria ya makande. Makadirio ya kila kundi yawe yameandikwa daftarini tangu Machi, kwa kalamu ya wino.

Walimu wa Hisabati na Kilimo,
Mbeya