Kwa Mkuu wa Utalii wa jimbo la Quintana Roo, Mexico: wekeni mtu mlangoni mwa senote

Mheshimiwa, salamu kutoka Diani. Mi ni mpiga mbizi, kazi yangu kupeleka wageni kwenye matumbawe, na mwaka jana nilijichanga nikaja kwenu kuona senote, yale mashimo yenu ya maji yanayoingia kwenye mapango chini ya ardhi. Naandika Kiswahili ili na wenzangu wa huku wanaopanga kuja wasome.

Kwa kweli uzuri ule sijauona kwengine, pale maji matamu ya juu yanapokutana na ya chumvi chini unaona kila kitu kinatetemeka kama mafuta yamemwagwa ndani ya maji.

Lakini siku ya pili tulikua sita nyuma ya kiongozi mmoja. Sita, na kanuni inayojulikana huko ni wageni wanne! Mlangoni walichukua hela basi, hakuna alietuhesabu. Tulipofika ndani jamaa wa mbele yangu akapiga mapezi karibu na sakafu, tope likapanda, nikawa siioni hata geji ya hewa iliyo mkononi mwangu, nikashika kamba ya kuonyesha njia nikaifuata kwa vidole taratibu mpaka nikaona tena ule mwanga wa buluu wa nje. Tulipotoka geji ya yule jamaa inasoma ba 40 (ba ni kipimo cha presha ya hewa kwenye mtungi). Alianza na 200, kwa kanuni ya theluthi (theluthi ya hewa ya kuingia, theluthi ya kutoka, theluthi ya akiba) alitakiwa ageuke kwenye 130 hivi, na kiongozi hakumuuliza hata mara moja, atamuulizaje na watu sita gizani?

Baharini hewa ikikusumbua unaweza kupanda. Pangoni juu ni mwamba. Kile kibao chenu cha mifupa iliyovaa joho, kinachokataza watu wasipite, mgeni atakipita tu akiona kiongozi kapita.

Kampuni siitaji, na kiongozi simlaumu sana maana mi pia ni mwajiriwa, bosi akikuongezea mgeni wa tano asubuhi huna la kusema. Ndo maana naomba serikali: kila senote ya mbizi iwe na mtu getini, ahesabu vichwa, asome geji, aone kadi ya kiongozi kama kasomea mapango kamili, si divemasta wa baharini tu. Wakizidi wanne warudishwe, kelele za bosi ziishie kwa huyo mtu wenu.

Mwezi wa pili vijana wawili niliowafundisha mwenyewe wanakuja huko. Naomba wakute mtu pale.