Kwanini banda la jirani limejaa watu na lako wanalipita tu

Wateja wetu wanaojiandaa kwenda kuuza kwenye makongamano ya gemu swali lao la kwanza karibu kila mara ni moja, bango liwe kubwa kiasi gani? Sisi kazi yetu ndo hiyo, kutengeneza mabango na kupanga mabanda, lakini tunawaambia ukweli kwamba bango peke yake halimsimamishi mtu. Bango linamjulisha tu hapa ni kwa nani na kunauzwa nini. Kinachomsimamisha ni kumuona mwenzake anacheza, akaelewa fasta anachofanya, alafu akaona na yeye ana pa kukaa.

Hebu mfuatilie mgeni mmoja kwa macho anavyopita. Begi mgongoni, beji shingoni, miguu ishaanza kuuma, kushoto skrini kulia skrini na kila moja ina kelele zake, yaani huyu mtu hapo hasomi kitu. Macho yanaenda kwenye vinavyosogea, na hasa mikono na nyuso za watu. Anaona watu watatu wameinamia meza, mmoja karusha kete, wenzake wakapiga ukelele, basi hatua zinapungua zenyewe. Anaangalia mezani, anaangalia kama kuna kiti, mwisho anamuangalia mhudumu. Na hapa ndo wengi wanampoteza, kwasababu mhudumu anamrukia hapo hapo karibu karibu ushawahi kucheza gemu yetu ngoja nikueleze, mgeni anatoa simu mfukoni kama vile kuna meseji imeingia, anaondoka. Muache aangalie kwanza. Mwambie kinachoendelea mezani tu, "huyu wa bluu akipata sita anamaliza", basi. Ushamuingiza kwenye gemu kabla hajakaa.

Ndo maana kitu cha kwanza tunachogusa kwenye mchoro wa mteja ni meza. Unakuta mtu kalipia eneo lake kwa hela nyingi alafu kaweka meza ndefu mbele kuziba mlango mzima, bidhaa juu, yeye kakaa nyuma yake. Hiyo ni kaunta, na kaunta inamwambia mgeni njoo ukiwa na hela, wakati yeye bado hajui hata kama anaitaka hiyo gemu. Geuza meza iwe upande, au isogeze kona kama banda lako lina pande mbili za wazi, wachezaji wakae nyuso zikiangalia njia watu wanapopita, na kiti kimoja kibaki kimevutwa nje kidogo kama kinamsubiri mtu. Kwa wenye gemu za konsoli au kompyuta tatizo ni jingine kidogo, mchezaji anawapa watu mgongo na mgongo wake unaziba skrini, kwahiyo weka skrini ya pili juu inayoonyesha kile kile anachocheza muda huo. Sio trela, ile video fupi ya tangazo. Trela inayojirudia rudia wanayo wote ukumbini na watu washaizoea, ila mtu halisi anayekosea kuruka shimo mara ya tatu, hapo wapita njia wanasimama kuona kama ya nne ataweza.

Sasa demo yenyewe, yaani kile kipande cha gemu unachompa mgeni ajaribu. Hapa tungependa tukae kidogo maana ndipo pesa inapopotea. Gemu inayochukua masaa mawili huwezi kuionyesha yote kwa watu waliokuja kuona mabanda mengi kwa siku moja. Kuna historia nzuri kwenye hili, mbunifu wa gemu Richard Garfield alipoenda na gemu yake ya mezani kwa Peter Adkison wa kampuni ya gemu ya Wizards of the Coast, Adkison akaona kuitengeneza ni gharama kubwa kwa kampuni changa, akamuomba kitu kingine, kidogo, cha kubebeka, ambacho watu kwenye makongamano wanaweza kukicheza haraka wakati wanasubiri gemu nyingine zianze. Kilichotoka hapo ni gemu ya kadi ya Magic: The Gathering, iliyoingia sokoni mwaka 1993 na watu wakaigombania Gen Con, kongamano kubwa la gemu za mezani Marekani, mwaka huo huo. Yaani gemu ilibuniwa kwa kuangalia muda na nafasi aliyonayo mtu wa kongamano.

Wewe gemu yako tayari ipo, huwezi kuibuni upya, lakini demo unaweza. Anzia katikati. Panga meza kama vile gemu ishafika pazuri, kila mchezaji ana kadi zake na ana uamuzi mmoja mgumu wa kufanya, mfundishe sheria zile tu anazozihitaji kwa zamu hiyo, cheza raundi mbili au tatu, simamisha. Simamisha wakati bado anataka kuendelea, usisubiri achoke. Akikuuliza alafu ingekuwaje, hapo ndo unamuonyesha boksi. Mwenye gemu ya kompyuta naye asianzishe kwenye menyu na hadithi ndefu ya mwanzo, aandae sehemu maalum inayoanza na kumalizika ndani ya dakika chache, na iwe na kitufe cha kurudisha kila kitu mwanzo ili mgeni anayefuata asikute ya mwenzake.

Kuna wateja wanatuambia mbona makampuni makubwa hayafanyi hivyo na watu wanajazana. Ni kweli, kwenye E3 ya 2006, yale maonyesho ya gemu za video ya Marekani, milango ilipofunguliwa watu walikimbilia moja kwa moja banda la Nintendo kwenda kuijaribu konsoli yao mpya ya Wii, na waliopanga foleni walisubiri masaa. Maonyesho ya gemu ya Gamescom pale Cologne, Ujerumani, mwaka 2019 yalipata wageni kama 373,000, na gemu za miaka 18 kwenda juu zinafungiwa ndani ya kuta kwasababu ya sheria za umri za Ujerumani, nje huoni hata picha moja ya uchezaji, ila foleni ipo. Hao watu walishaamua nyumbani. Wanaijua gemu, wameisubiri, banda ni mahali pa kufikia tu. Wewe ambaye hujulikani bado foleni ndefu inakuumiza, mtu akiona watu ishirini wamesimama mbele ya gemu asiyoijua anapita, kwahiyo ukizidiwa andika majina na muda wa kurudi, mpe kikaratasi, asisimame. Na ukiona foleni ya jirani ina watu wamechoka usiwaendee na vipeperushi kabla hujasoma mkataba wako, makongamano mengi yanakataza kugawa kitu nje ya eneo ulilolipia.

Vitu vya bure. Pipi na kalamu zinaleta mikono, haziletei meza wachezaji. Mtu anachukua huku anatembea. Kinachofanya kazi ni kile ambacho hapati kwingine na kina uhusiano na gemu, kadi ya ziada inayotumika kwenye gemu yenyewe, au pini, kwenye makongamano ya gemu ya PAX watu wanavaa pini kwenye kamba za beji na wanazunguka wakibadilishana, pini nzuri inatembea ukumbi mzima ikiwa kifuani kwa mtu. Na mpe baada ya kucheza, sio kabla.

Kwa wauza kete, vifuniko vya kadi, vinyago na vitu kama hivyo, nyie demo yenu ni mkono. Fungua makontena. Kete za pande ishirini zikiwa kwenye bakuli wazi chini ya taa nyeupe, mtu atazamisha vidole, atachagua moja, ataigeuza kwenye mwanga aone rangi ya ndani, atairusha mezani asikie inavyogonga, na akishafanya hivyo huwa anatafuta na ya pili ya kufanana nayo. Ukizifungia kwenye kabati la kioo hayo yote yameisha. Alafu bei iandikwe, kubwa, inayosomeka akiwa amesimama. Watu wengi wana aibu ya kuuliza bei na wataondoka kimya kimya.

Kuhusu sauti, usishindane, ukumbi utakushinda. Hedifoni kwa anayecheza na maandishi kwenye skrini kwa wanaoangalia yanatosha kabisa.

Na jamani msiende mtu mmoja mmoja. Anayefundisha hawezi kupokea malipo, na mtu aliyesimama tangu asubuhi bila kula inaonekana usoni. Kama aliyebuni gemu anaweza kuwepo basi awepo hata masaa machache, na kuwe na kibao kidogo kinachosema ndo yeye, wapenzi wa gemu wanapenda sana kumuuliza mtu mwenyewe kwanini sheria fulani ipo hivyo.

Ukishapewa namba ya banda lako tutumie ramani ya ukumbi kabla ya kitu kingine chochote. Tunataka kuona mlango uko wapi, vyoo viko wapi na watu watakuwa wanatokea upande gani, maana hapo ndo tutajua kile kiti kimoja kielekee wapi, na saizi ya bango tutaijua baadae.