Tunawafundisha wahandisi kupika majibu

Mhariri,

Nimekuwa nikisoma katika gazeti lako malalamiko kwamba wahandisi wanaohitimu hawana ubunifu, na wengine wanapendekeza vyuo vikuu viongeze somo la ubunifu. Mimi ni fundi sanifu wa maabara katika kitivo cha uhandisi. Ubunifu huo nauona ukifa mbele ya macho yangu, kwenye majaribio ambayo jibu lake linajulikana kabla mwanafunzi hajashika kifaa.

Chukua jaribio la kupinda bapa la chuma. Bapa linalazwa juu ya egemeo mbili, uzito unaning'inizwa katikati, mwanafunzi anasoma limeshuka kiasi gani, kisha anakokotoa moduli ya Young, yaani kipimo cha jinsi chuma kinavyokataa kunyumbuka. Wote wanajua chuma hutoa gigapaskali (kizio cha kipimo hicho) 200 hivi. Basi wanaanza na 200 na kurudi kinyumenyume hadi kwenye vipimo. Wenyewe wanaita kupika data, na anayepika vizuri ndiye anayepata alama nzuri.

Muhula uliopita binti mmoja alipata 171. Akarudia, ikatoka ileile. Akaniomba kaliperi. Mwongozo unasema bapa lina unene wa milimita 6. Alipolipima akakuta 5.7, maana limesuguliwa kutu kwa msasa miaka nenda miaka rudi. Katika hesabu ile unene huingia kwa kipeo cha tatu, kwa hiyo upungufu wa asilimia 5 tu unakula zaidi ya asilimia 14 ya jibu. Aliikokotoa upya pembezoni mwa karatasi, nikiwa nimesimama hapo, akaifikia 200 bila kugusa kipimo kingine. Ripoti yake ilirudi na alama ya chini, eti hakufuata mwongozo. Jambo hilo liliniuma, na linaniuma hadi leo.

Mwaka 1901 Wilbur na Orville Wright, ndugu wawili wa Marekani waliokuwa wakiunda ndege, waliona kuwa majedwali ya nguvu ya mabawa waliyoyategemea hayalingani na ndege yao isiyo na injini ilivyoruka. Wakaunda sanduku la mbao lenye feni, na mizani ya ndani wakaitengeneza kwa vipande vya msumeno wa chuma na spoki za baiskeli. Humo walipima maumbo ya mabawa yapatayo 200. Desemba 1903 wakaruka na injini. Waliitilia shaka namba iliyochapishwa, na walikuwa na mabaki ya kuundia chombo cha kuipimia. Mwanafunzi wetu ananyimwa yote mawili.

Ratiba imeshajaa, somo jipya la nini? Angalau jaribio moja kila muhula lisiwe na jibu kwenye mwongozo, na alama zitolewe kwa daftari: alidhani nini, alijaribu nini, kilikwamia wapi. Najua wahadhiri watasema madarasa ni makubwa na ripoti zisizofanana zinachosha kusahihisha. Ni kweli. Lakini dakika chache za kumhoji mwanafunzi mbele ya kifaa chake zinaonyesha mengi kuliko rundo la ripoti zilizodeswa.

Halafu kuna stoo. Mota za zamani, vipande vya bati na nyaya vimefungiwa humo vikisubiri kuuzwa kama chakavu, na mwanafunzi anayetaka kujaribu wazo lake hapewi hata bolti bila barua yenye sahihi. Idara ziondoe sharti hilo kwa mabaki. Mimi niko tayari kubaki jioni kuwafungulia.

Fundi sanifu wa maabara