Tuacheni tucheze gemu zetu kwa raha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme hili maana limenikaa moyoni muda mrefu. Kila nikigeuka naskia watu wanalaumu gemu, oh gemu zinaharibu vijana, oh mtu mzima na akili zake anakaa anabonyeza simu, na mi naona tunachanganya vitu viwili ambavyo havina hata undugu. Kuna gemu ya kuliwa hela na kuna gemu ya kupumzisha kichwa. Hii ya pili ndo nataka niitetee.

Mi nina steshenari hapa Morogoro, natoa kopi, nachapa barua, nawajazia watu maombi ya kazi na ya mkopo wa chuo mtandaoni. Anayeijua hii kazi anajua presha yake, mteja anakuja dirisha la maombi linafungwa usiku huohuo, cheti hakijaskaniwa, paswedi kaisahau, mtandao unazunguka tu, na nyuma yake kuna wengine na kila mmoja anasema ya kwake ndo ya haraka zaidi. Sasa wakishaondoka, mida ile ya saa nane jua kali na barabara imetulia, nafungua karata kwenye kompyuta, zile za Windows zinazoitwa Solitaire. Nyekundu juu ya nyeusi, nyeusi juu ya nyekundu, shupaza, kopa, uru, pau, kila moja mpaka irudi kwao. Nikikwama nabonyeza zinagawiwa upya na hakuna aliyeumia. Mteja akiingia naacha palepale nilipofika, gemu hainuni. Nikirudi nayo naikuta ilivyo. Yaani kichwa kinakuwa chepesi hata sauti ya kuongea na mteja anayefuata inabadilika, na sisemi hivi kupamba barua.

Watu wanazidharau hizo karata lakini zina historia yake. Ziliingia kwenye Windows mwaka 1990 na aliyeziandika, Wes Cherry, alikuwa kijana tu yupo fildi pale Microsoft, na hakulipwa kwa hiyo gemu. Mwaka 2019 zikaingizwa kwenye orodha ya heshima ya gemu za dunia, ile inayotunzwa na makumbusho moja huko Rochester, Marekani. Na nina uhakika wasomaji wengi wa umri wangu tuliojifunzia kompyuta kwenye intaneti kafe, mkono ulizoea mausi kwa kuburuta zile karata kabla hata hatujajua kuandika barua kwenye Word.

Alafu nyoka wa Nokia jamani! Aliyemtengeneza ni mhandisi wa Finland, Taneli Armanto, akatoka na simu ya Nokia 6110 mwaka 1997, ila huku wengi tulikutana nae baadae kwenye 3310 na kwenye kile kitochi cha 1100. Mbili juu, nane chini, nne kushoto, sita kulia, mpaka namba zinafutika kwenye vitufe. Kitu ninachokipenda kwa yule nyoka ni kwamba spidi unachagua mwenyewe, ukitaka akimbie atakimbia, ukitaka atambae taratibu huku unasubiri gari stendi atatambaa, na wala haombi bando, hakuulizi jina lako wala namba yako ya simu, hakutumii meseji usiku kukuambia umemsahau. Umeme ukikatika mtaa mzima mtoto anakaa na kitochi cha bibi yake kwenye kochi anacheza na nyumba imetulia. Mi naona ile ilikuwa adabu, gemu inajua kwamba wewe una maisha yako.

Na hapa niseme ukweli maana sitaki nionekane natetea kila kitu. Hizi gemu nyepesi za siku hizi nyingine zimeingiliwa. Chukua Candy Crush iliyotoka 2012, kupanga pipi za rangi ni raha kabisa mi sikatai, lakini wanakupa roho tano, zikiisha roho moja inarudi baada ya nusu saa, ukitaka haraka ulipie au usumbue marafiki. Sasa hapo mapumziko yameshageuka kudaiwa. Zingine kila ukimaliza raundi linakuja tangazo huwezi kulifunga, na mengine ndo hayohayo ya kubeti. Ushauri wangu kwa wanaopenda gemu ni zima data kabla hujafungua, gemu ikikataa kucheza bila data ujue haikutaki wewe, inataka kitu kingine, ifute.

Ndo nakuja kwenye kubeti. Kijana anakaa anaangalia kile kindege cha kubeti kinapaa kwenye simu, moyo unadunda, hela ya nauli ya kesho iko humo ndani, alafu ukimuuliza unafanya nini anakujibu "nacheza gemu tu aisee." Hapana, ile siyo gemu kwa maana ninayoisema mimi. Gemu ya kupumzika ukishindwa unacheka unaanza tena, hujapoteza hata shilingi. Mzazi akiona mwanae kaliwa ada ana haki ya kukasirika kabisa, lakini hasira ile isije ikamwangukia na binti anayepanga matofali ya Tetris kwenye daladala baada ya kusimama kazini siku nzima.

Wengine wananiambia mbona hata Shirika la Afya Duniani limesema gemu ni ugonjwa. Someni vizuri walichosema. Ni kweli mwaka 2019 waliingiza tatizo la gemu kwenye orodha yao ya magonjwa, lakini wanamzungumzia mtu aliyeshindwa kabisa kujizuia, ameiweka gemu mbele ya mambo yote, maisha yanaharibika na bado anaendelea, na kwa kawaida hali iwe imedumu miezi 12 au zaidi. Mama anayecheza dakika kumi huku maharage yanachemka hayumo.

Na hapo kwa mama ndo panaponiuma zaidi. Wazee wakikaa chini ya mwembe na bao, au drafti la vizibo vya soda, kutwa nzima, hakuna anayewauliza wanapata faida gani, tunawaona wana hekima, hata Mwalimu Nyerere alipenda kucheza bao na tunalisema kwa fahari. Sawa kabisa. Ila mwanamke akishika simu acheze kidogo ataambiwa hana kazi za kufanya. Sisi hata kupumzika kwetu lazima kuwe na kazi ndani yake, ukikaa basi chambua mchele, ukikaa basi msuke mtoto. Mi nakataa. Mdogo wangu yuko Muscat anafanya kazi za ndani, siku yake ya mapumziko tunaingia kwenye Ludo King, ile ya Wahindi, yeye anachukua kijani mi nyekundu na shangazi yetu wa Kilosa njano. Kete inazunguka huku tunaongea mambo ya nyumbani, nani kaoa, nani kavuna, na kuna vitu mdogo wangu ananieleza katikati ya ile ludo ambavyo nikimpigia simu ya kawaida nikamuuliza "habari za huko" hanijibu, anasema nzuri tu basi. Akinila kete yangu naskia anavyocheka, kwa wiki ile nimeridhika kuwa yupo sawa.

Mhariri, ombi langu liko kwako sasa. Kurasa za michezo za magazeti yetu zimejaa mikeka ya kubeti, timu gani uipe na kampuni gani ina ofa. Naomba utupe kona ndogo pembeni yake ya kutuambia gemu nyepesi zisizo na hela, zinazoingia kwenye simu za bei ndogo na zinazochezeka bila bando, mtu akae nazo kwenye foleni ya hospitali au kwenye mabenchi ya stendi. Na lile fumbo la maneno mlilokuwa mnatoa mlirudishe, majibu yawe ukurasa wa nyuma siku hiyohiyo, na tafadhali msituwekee zawadi wala namba ya kutuma meseji za kukatwa hela. Tunataka kucheza tu.

Msomaji wako,
Mama wa steshenari,
Morogoro