Mwanangu, usiache kuomba

Mwanangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Huku Bukoba tu wazima, mgongo wa baba yako umetulia, na kahawa tumeanza kuianika. Nimeona nikuandikie, maana lile ulilonieleza juzi si la kujibiwa kwenye simu huku mtandao unakatika.

Ulisema ukipiga magoti, dakika mbili nyingi, maneno yameisha. Tena kwenye mkesha wa Ijumaa wenzako wanalia na kunena, wewe unatazama saa, hadi umeanza kujiuliza kama wokovu wako ni wa kweli. Hilo la mwisho liondoe moyoni. Hana, mama yake Samweli, aliomba hekaluni kule Shilo midomo ikicheza tu, sauti haisikiki, mpaka kuhani Eli akadhani amelewa. Na Mungu alimsikia. Mkesha ni mzuri, nenda ukiweza, ila usiku mmoja hauwezi kubeba siku sita ambazo hujasema na Mungu hata neno.

Mimi sioni kwamba imani yako imepungua. Naona maombi yako hayajapewa saa yake. Unaomba ukipata nafasi, na huko Dar nafasi haipatikani: unaamka saa kumi na moja, unagombania daladala, unarudi usiku umechoka, simu mkononi mpaka usingizi unakuchukua. Danieli alikuwa mtu wa serikali, mwenye shughuli kuliko mimi na wewe, na aliomba mara tatu kila siku. Amri ya mfalme ya kukataza maombi ilipotoka hakuongeza wala hakupunguza; Biblia inasema aliomba “kama alivyokuwa akifanya tokea hapo.” Watu wanapenda kuhubiri simba. Mimi nakusihi ukae kwenye mstari huo wa kumi, sura ya sita.

Chagua saa basi, hata robo saa ya alfajiri, na kona yako. Najua chumba ni kimoja na mnaishi wawili. Yesu naye alitoka mapema akaenda mahali pasipo na watu. Kwako panaweza kuwa zile ngazi za nyuma, kabla wapangaji hawajaamka. Simu iache ndani, hata kama Biblia yako imo humo. Mtoto wa mama mdogo anakuja huko Jumamosi, nimempa Biblia ya karatasi akuletee.

Sasa hayo maneno yanayoisha. Mwaka 1535, kule Wittenberg, Ujerumani, Petro, kinyozi wake Martin Luther yule mwanamageuzi wa Kanisa, alimwomba amfundishe kuomba, na Luther akamwandikia barua ndefu. Alimwambia maombi yawe kazi ya kwanza asubuhi na ya mwisho usiku, na ajihadhari na lile wazo la “ngoja kidogo, nimalize hili kwanza,” maana hilo huzaa jingine na siku ikaisha. Akamwambia pia kwamba kinyozi akipiga soga huku macho yake yapo pembeni, atamkata mtu pua au hata koo. Basi na anayeomba, akili yake iwe pale pale.

Njia aliyompa ndiyo ninayoitumia. Chukua kifungu kimoja cha Sala ya Bwana, au amri moja, ukiulize mambo manne: kinanifundisha nini, nishukuru nini, nitubu nini, niombe nini. Jaribu amri ya nane kwa hesabu ya Luther (wengine huiita ya tisa), usimshuhudie jirani yako uongo. Inanifundisha kwamba jina zuri la mwenzangu Mungu analilinda. Namshukuru Mungu kwa walionitetea nilipokuwa sipo. Natubu nilichosikiliza jana kuhusu jirani bila kumkatiza msemaji. Naomba ulimi uliotulia. Hapo robo saa imepita, wala hujatafuta maneno mazito. Na ukiona Roho ameanza kusema nawe kwenye jambo moja, hayo mengine yaache, nyamaza, sikiliza. Luther mwenyewe aliagiza hivyo, na kwangu hiyo ndiyo sehemu tamu kuliko zote.

Uliniuliza pia kuhusu maombi yasiyojibiwa. Daftari langu la jalada la bluu unalijua. Ukurasa wa kushoto naandika majina, wa kulia naandika alichotenda Mungu. Jina la mjomba wako liko mwanzoni kabisa. Wino ulififia nikaukoleza, na upande wa kulia bado ni mweupe, pombe hajaiacha. Kuna asubuhi namwambia Mungu kama Daudi katika Zaburi ya 13, “hata lini?” Sioni dhambi kusema hivyo, kwa kuwa namwambia yeye, simsemi pembeni. Monika wa Thagaste, iliyo Algeria ya leo, alimlilia Mungu miaka mingi ili mwanawe Augustino aokoke. Augustino alibatizwa Milano, Italia, Pasaka ya mwaka 387, na mwaka huo huo mama akafa Ostia, bandari ya Roma, safari ya kurudi Afrika haijaisha. Mjomba wako ataishia wapi sijui, na pengine sitaona. Ila Yesu amesema tuombe sikuzote wala tusikate tamaa, kwa hiyo jina lake nalisoma kila siku.

Limebaki la msimamizi wako kazini. Unasema anakuonea na huwezi kumwombea. Usijilazimishe kumtakia baraka usizozitaka. Mweleze Mungu kwanza hasira yako yote, usimfiche hata tusi lililokuja kichwani, kisha mtaje kwa jina mbele zake. Kwa siku za kwanza jina tu linatosha. Nitumie hilo jina kwa ujumbe leo jioni, nami nitaliandika ukurasa wa kushoto, tumwombee wawili, wewe kwenye ngazi zako na mimi hapa.

Baba yako anakusalimu.

Mama yako